Sura ya Tano: Wake Wenza wa Bwana Thornton

Jumapili ya tarehe 14 Novemba 2004, BBC One ilianza kuonyesha tamthilia ya sehemu nne iitwayo North & South. Ilitokana na riwaya ya Elizabeth Gaskell ya mwaka 1855, na haikupigiwa ngoma kubwa kabla ya kuonyeshwa. Mwigizaji mkuu wa kiume alikuwa Richard Armitage, mzaliwa wa Leicester mwenye miaka 33, na wengi waliokaa mbele ya televisheni usiku ule walikuwa hawajawahi kulisikia jina lake. Alicheza kama John Thornton, mwenye kiwanda cha pamba katika mji wa Milton, mji ambao Gaskell aliuchora akiitazama Manchester alikokuwa akiishi. Thornton ni mtu wa uso uliokunjwa. Anavaa koti jeusi, na shingo yake imezungushiwa kitambaa hadi chini ya kidevu. Baba yake alikufa akaacha madeni. Yeye na mama yake wakajikokota kutoka shimoni mpaka wakafika kwenye kiwanda. Anajua bei ya pamba, anajua kupambana na wafanyakazi waliogoma, lakini kumwambia mwanamke kwamba anampenda hajui. Anapojaribu, anakataliwa.

Watu walianza kuandika kwenye ukumbi wa majadiliano wa tovuti ya BBC. Wakaandika mpaka ukumbi ukaelemewa, ukazimika. Magazeti yalipouliza ni nani hao, jibu halikuwa lile lililozoeleka. Hawakuwa wasichana wa sekondari wanaobandika picha ukutani. Wengi walikuwa wanawake wa miaka 30, 40, 50 na kuendelea, wenye kazi, wenye waume, wengine wenye wajukuu. Mwaka ulipoisha, watazamaji waliopiga kura kwenye tovuti hiyo waliichagua tamthilia ile kuwa bora ya mwaka.

Waliandika nini? Waliandika juu ya vitu vidogo mno. Kuna mahali Margaret Hale, aliyechezwa na Daniela Denby-Ashe, anampa Thornton kikombe cha chai na vidole vyao vinagusana. Hakuna neno linalosemwa, na kikombe kile kilijadiliwa kwa majuma. Kuna mahali Margaret anaondoka Milton, theluji inaanguka, Thornton amesimama akiliangalia gari la farasi linavyokwenda, anamwomba kwa kunong'ona ageuke amtazame, naye hageuki. Halafu kuna shingo. Katika sehemu ya mwisho Thornton anatokea kwenye jukwaa la stesheni bila kile kitambaa chake, kola iko wazi. Katika Uingereza ya miaka ya 1850, mtu wa hadhi yake kuonekana hivyo hadharani ni kama kutoka nusu uchi, na busu linalofuata, mchana kweupe, abiria wakipita, lisingewezekana. Gaskell hakuliandika. Kitabu chake kinaishia ndani ya nyumba, London, milango imefungwa. Wanawake wale walilijua hilo vizuri. Walilijadili kwa uzito wote, wengine wakimtetea Sandy Welch aliyeandika tamthilia, wengine wakimlaumu, kisha wote wakarudi kwenye shingo.

Na mtindo wa kurudi ulikuwa huu. Mmoja anaandika kwamba ameanguka chini, anaomba apepewe. Wa pili anamwambia ainuke, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanguka kwanza na anahitaji nafasi. Wa tatu anawatangazia wote kwamba Bwana Thornton yuko jikoni kwake saa hizi, anakunywa chai, wasijisumbue kumtafuta. Wa nne anadai zamu yake, maana jana ilikuwa ya huyo wa tatu na juzi pia. Watu hao hawajawahi kuonana. Mmoja yuko Uingereza, mwingine Ujerumani, mwingine Australia, na kule Australia kumeshakucha. Wanaendelea hivyo hadi usiku wa manane, na kesho yake wanaamka wakiwa marafiki.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ninakiheshimu. Nimesoma maandiko mengi yanayowatazama mashabiki wa namna hii kama wagonjwa, watu wanaokimbia nyumba zao baridi ili wampende mtu asiyekuwapo. Nadhani walioandika hivyo walikosa neno moja, ambalo sisi tumezaliwa tukalikuta.

*

Mama yangu mdogo anakaa Tanga. Azam TV ilipokuwa ikionyesha ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman, iliyotiwa sauti za Kiswahili, alinisihi nisimpigie simu saa ile. Nikampigia siku moja baada ya kipindi. Badala ya kuitikia shikamoo yangu aliniambia, "Subiri kidogo mwanangu, nina kesi na wake wenza." Kesi yenyewe ilikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Walikuwa wanawake wapatao 20, wa Tanga, Mombasa, Unguja na mmoja wa Muscat, waliokusanywa na binamu wa binamu, na karibu wote hawakuwa wakijuana kwa sura. Waliitana wake wenza. Asubuhi salamu ilikuwa, "Wake wenza, hamjambo? Nani kalala na funguo za kasri?" Aliyechelewa kuingia kikundini alitozwa faini ya kueleza Sultani alikuwa amevaa nini. Aliyemsifu waziri badala ya Sultani alipewa talaka tatu, akaomba radhi, akarejewa.

Nilimuuliza kama anampenda yule mwigizaji, Halit Ergenç. Alinitazama kwa mshangao (safari hii nilikuwa nimekwenda Tanga, tumekaa barazani). "Yule?" akasema. "Yule ana mkewe, Mungu amtunze. Mimi na hawa tuna utani wetu."

Utani. Nililibeba neno lile mpaka Dar es Salaam. Nikalipeleka Milton, nikaona linaikaa kesi ile kama kifuniko cha chungu chake.

Sote tunajua utani ni nini, kwa hiyo sitaueleza kama ninavyoweza kumweleza mgeni. Msukuma na Mzaramo, babu na mjukuu, shemeji na shemeji. Lakini tunasahau ni kitu cha ajabu kiasi gani. Mwaka 1941 Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, aliandika makala juu ya utani wa Tanganyika. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameutungia uhusiano wa aina hii maelezo ambayo bado yanatumika: mmoja anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumfanyia mwenzake masihara, na mwenzake analazimika kutokasirika. Maelezo yamesimama juu ya neno "kulazimika". Utani ni mkataba. Ukimnunia mtani wako umeuvunja.

Wazee husimulia kwamba utani mwingi wa bara na pwani ulikomaa kwenye njia za misafara. Mnyamwezi aliyetembea miezi na mzigo begani alipita kwenye nchi za watu asiowajua. Angewezaje kula, kulala, kuugua au kufia huko? Kwa utani. Kicheko kilimpa kibali cha kuingia, na pamoja na kicheko kikaja chakula, na akifa njiani, mtu wa kumzika. Wageni wawili wenye sababu zote za kuogopana walipatana kutukanana, na mle ndani ya matusi hofu ikaisha.

Sasa watazame wanawake wale wa mwaka 2004. Ni wageni mia kadhaa waliokutana kwenye njia moja, hawaonani nyuso, wanatumia majina ya kubuni, na kila mmoja ana sababu ya kumwogopa mwenzake, maana mtandaoni kuna matapeli na wakorofi. Wamepata jambo moja wanalolijua wote: mtu mmoja mrefu mwenye uso uliokunjwa na shingo iliyofungwa. Kupitia kwake wanaweza kutaniana siku ya kwanza kabisa. Huhitaji kumjua mtu ili umnyang'anye Bwana Thornton. Unamnyang'anya, anakulaumu, mnacheka, na tayari mna jana yenu ya pamoja.

Mwaka 1956, Donald Horton na R. Richard Wohl walichapisha Marekani makala iliyofungua somo zima. Walieleza jinsi televisheni na redio zinavyomfanya mtazamaji ajihisi anamjua mtu wa kwenye kioo, kana kwamba wako ana kwa ana, ilhali mazungumzo yanakwenda upande mmoja tu. Ni makala nzuri, na waliyoyasema ni kweli. Lakini kizazi kizima cha watafiti baada yao kilikaza macho kwenye kamba moja tu, ile inayotoka kwa mtazamaji kwenda kwa mwigizaji, wakapima urefu wake na ubaya wake. Kamba zinazotoka kwa mtazamaji kwenda kwa mtazamaji hawakuziangalia sana. Nancy Baym aliziangalia. Katika miaka ya 1990 alifuatilia mazungumzo ya mtandaoni ya wapenzi wa tamthilia za mchana za Marekani, akatoa kitabu mwaka 2000. Aligundua kwamba katika mazungumzo yale ucheshi ulikuwa kipaji kilichoheshimiwa, na mwenye kuchekesha vizuri alijulikana na kupendwa. Akagundua pia kwamba tamthilia ilikuwa mlango. Ilipokuja hadithi ya mume anayempiga mkewe, wanawake walianza kwa kuwajadili wahusika, na baada ya muda mmoja akaeleza yaliyompata yeye mwenyewe, na waliokuwa wakitaniana naye jana wakamsikiliza leo.

Mtani hufanya hivyo hivyo. Msibani ndiye anayelala kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe, ndiye anayeiga mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu walishacheka pamoja siku zisizo na msiba.

*

Mambo haya hayakuanza na intaneti. Mwanzoni mwa karne ya 20 London ilikuwa na mwigizaji wa jukwaani aitwaye Lewis Waller, aliyezaliwa Bilbao, Hispania, mwaka 1860. Sifa yake ilikuwa katika michezo ya zama za kale. Mwaka 1902 alicheza Monsieur Beaucaire, Mfaransa wa nasaba ya kifalme aliyejificha kama kinyozi katika Uingereza ya karne ya 18. Wanawake waliompenda walianzisha chama, wakakiita Keen Order of Wallerites, wakavaa beji. Walikaa pamoja kumshangilia, na wenye magazeti waliwacheka. Ninapowaza juu ya beji zile, najiuliza ni kwa ajili ya nani. Waller alikuwa jukwaani, taa zinammulika machoni. Angeiona beji ya mtu wa viti vya nyuma kwa vipi? Mwenye beji aliionyesha kwa mwanamke wa kiti cha pili.

Kisha ukaja mwaka 1995, na Colin Firth katika Pride and Prejudice ya BBC, sehemu sita kuanzia Septemba hadi Oktoba, na watazamaji zaidi ya milioni 10 Uingereza. Kisa cha shati lake lililolowa baada ya kuogelea, ambacho nacho Jane Austen hakukiandika, kimesimuliwa mno, sitakirudia. Ninachotaka ni kilichofuata mwaka 1996. Wasomi waliokuwa wakijadili vitabu vya Austen kwa barua pepe walijikuta wamevamiwa na watu wasiotaka kuzungumzia kingine ila tamthilia ile na mtu yule. Wavamizi wakatafutiwa mahali pao. Wakapaita Jamhuri ya Pemberley, kwa jina la jumba la Bwana Darcy, na wakajiita raia. Waliofukuzwa barazani kwa kucheka kwa sauti walianzisha jamhuri! Tena jamhuri ile ilidumu, na ndani yake vitabu vya Austen vilisomwa sura kwa sura, kwa makini ambayo madarasa mengi hayana.

Wapenzi wa Armitage walirithi mila hiyo. Walijijengea ukumbi wao nje ya BBC, wakauita C19, yaani karne ya 19. Na kadiri yeye alivyopata kazi nyingine ndivyo utani ulivyopata mavazi mapya: Guy wa Gisborne katika Robin Hood kuanzia 2006, amevaa ngozi nyeusi toka juu hadi chini, jasusi katika Spooks kuanzia 2008, kisha Thorin, mfalme wa mbilikimo, katika filamu za The Hobbit kati ya 2012 na 2014. Thorin alileta vijana wengi wasiojua pamba wala Milton. Wakongwe wakawapokea kama bibi anavyompokea mjukuu, yaani kwa utani: wakawauliza kama wameshawahi kuiona shingo, na wasioiona wakapelekwa stesheni.

*

Ningekosea kama ningeeleza kicheko tu na kuacha miiko, kwa kuwa utani usio na miiko ni ugomvi unaosubiri siku yake. Waliokaa kwenye kumbi hizi miaka mingi wanaijua miiko hiyo hata pale ambapo haijaandikwa popote.

Wa kwanza unamhusu mwigizaji mwenyewe. Unaweza kumzulia Thornton lolote, maana Thornton ni wa karatasi, na wa karatasi haoni aibu. Armitage ni mtu. Ana mama, ana mlango wa nyumba, ana siku za kuugua. Picha alizopigwa kwa kuviziwa barabarani hazibandikwi. Habari za nani anaishi naye hazichimbwi. Penye ukumbi mzuri, mtu anayevuka mstari huu anakatwa maneno papo hapo, na anayemkata ni yule yule aliyekuwa akicheka naye dakika tano nyuma. Nimevutiwa na jinsi yeye alivyouelewa mpaka huo. Aliwaandikia mashabiki barua za kuwashukuru, na walipoanza kumtumia zawadi aliwaomba pesa hizo wazipeleke kwa mashirika ya hisani aliyoyataja. Wakazipeleka, mwaka hadi mwaka, na ukurasa wa michango wenyewe ukageuka baraza lingine: mtu anachangia pauni 10 na kuandika kijembe kidogo kwa mwenzake chini yake.

Mwiko wa pili unahusu waume wa kweli. Hawachekwi. Unaweza kusema mumeo amelala sebuleni huku wewe unamtazama Thornton. Huwezi kumlinganisha naye umtweze. Mara moja moja mwanamke mgeni alikuja akiwa amekasirika na ndoa yake, akataka kuitupa hapo kati. Hapo kicheko kilisimama. Wakongwe walimwita pembeni, wakamwandikia faraghani. Dada mmoja aliyekuwa msimamizi wa ukumbi kama huo aliniambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yake, nusu ya usiku wake, ilikuwa barua hizo zisizoonekana.

Na ugomvi? Ulikuwapo, mkali. Watu waligawanyika juu ya kiasi gani cha maisha yake kinaweza kuzungumzwa. Waligawanyika juu ya nani ni mkongwe na nani ni mgeni, nani anajifanya msemaji wa wote. Kumbi zilivunjika, nyingine zikafunguliwa ng'ambo ya barabara. Ukiyafuata malumbano yale mpaka kwenye shina lake, mara nyingi unakuta mtu mmoja aliacha kutania. Alianza kuamini kwamba ana haki, kwamba zamu yake ni zamu kweli. Mama mdogo aliyajua haya bila kuisoma C19. Kikundi chao kilimtoa mwanamke mmoja, na nilipomuuliza sababu alisema, "Alianza kuona wivu."

*

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likitajwa, na mimi kama mtu wa pwani siwezi kulipita. Katika North & South, Margaret anafungua mlango wa kiwanda kwa mara ya kwanza na kukuta nyuzi za pamba zinaelea hewani kama theluji, mashine zinanguruma, na Thornton amesimama juu anawatazama wafanyakazi. Ni picha nzuri sana, na inaua: Bessy Higgins, msichana aliyechezwa na Anna Maxwell Martin, anakufa kwa sababu nyuzi hizo zimemjaa kifuani. Sehemu ya picha za kiwandani zilipigwa Queen Street Mill, Burnley, kiwanda halisi chenye mashine za kufuma zinazoendeshwa kwa mvuke.

Walioanza kwa shingo waliishia hapo. Walitaka kujua Bessy aliugua nini, wakajifunza. Walitaka kujua mgomo ule ulitoka wapi, wakasoma juu ya Lancashire. Walikwenda Manchester kuiona nyumba ya Gaskell, namba 84 Plymouth Grove, ambayo baada ya matengenezo makubwa ilifunguliwa tena mwaka 2014. Kutokana na siku ya kuzaliwa ya Armitage, 22 Agosti, ambayo ndiyo siku aliyouawa Mfalme Richard III vitani Bosworth mwaka 1485, na ambayo ndiyo sababu baba yake alimpa jina Richard, wengine walizama kabisa kwenye historia ya mfalme yule.

Vitambaa vya viwanda vile vilifika hadi kwetu. Vilishuka Unguja na Mombasa, na miongoni mwa kanga za mwanzo zilizovaliwa na bibi za bibi zetu zimo zilizochapwa Manchester. Mwaka 1902 wenye viwanda wa Lancashire, waliochoka kutegemea pamba ya Marekani, waliunda British Cotton Growing Association, na haukupita muda mrefu mbegu zao zikawa Uganda. Kwa hiyo Bwana Thornton si mgeni kabisa. Na kanga yenyewe, ile iliyovuka bahari, ilipofika mikononi mwa wanawake wa pwani ilifanywa nini? Iliandikwa maneno. Ikawa chombo cha kumtania shoga, kumpiga kijembe jirani, kumwambia mke mwenza jambo ambalo mdomo hauwezi. Mtandaoni siku hizi mfululizo wa mazungumzo tunauita uzi. Sijui aliyelichagua neno hilo kwanza alikuwa anawaza nini, lakini kila ninapolisoma naona pamba inaelea.

*

Majira ya joto ya 2014, Armitage alirudi jukwaani, ukumbi wa Old Vic, London, akicheza John Proctor katika The Crucible ya Arthur Miller, chini ya uongozi wa Yaël Farber. Mchezo ulizidi saa tatu. Wanawake walisafiri kutoka nchi nyingi kuja kuuona, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kuonana na watu waliotaniana nao kwa miaka kumi. Msimamizi niliyemtaja alikuwapo. Nilitegemea anisimulie juu ya mwigizaji, alivyoingia, sauti yake. Alinisimulia juu ya mkahawa ulio karibu na ukumbi, ambako walikaa kabla ya mchezo wanawake saba, wanaulizana majina halisi, na wanashindwa kuyatumia. Mmoja alikuwa mrefu kuliko walivyomdhania. Mmoja alikuja na fimbo ya kutembelea, ambayo hakuwahi kuitaja katika miaka yote ile. Wakaitazama, wakanyamaza, kisha mmoja akamuuliza kama anaitumia kuwapigia wengine foleni ya Thornton. Akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Baadaye ndipo akawaeleza ugonjwa wake.

Mwaka juzi mama mdogo alifanyiwa upasuaji wa goti. Tamthilia ya Sultani ilikuwa imekwisha zamani. Kikundi hakikuwa kimekwisha. Nilikuwa Tanga wiki ile. Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, asubuhi, tulisikia hodi. Walikuwa wanawake wawili wa makamo ambao sikuwajua, mmoja amebeba haluwa ya Unguja ndani ya kikapu, mwingine ametoka Mombasa kwa basi la alfajiri. Mama mdogo naye hakuwajua kwa sura. Aliwatazama kutoka kitandani, mguu umenyooshwa juu ya mito.

Yule wa kikapu alisimama mlangoni, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akasema, "Mke mwenza, tumekuja kuangalia kama umeshakufa, tugawane zamu zako."

Mama mdogo alifuta macho kwa upindo wa shuka.

"Bado," akasema. "Kaeni kitako. Na ile haluwa ileteni huku kwangu, msianze kuiba mapema."